Zamu ya Kampuni

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikiona jambo silielewi roho yangu haitulii, na nikijibiwa nusu nusu nakasirika. Basi kuna jambo nimeliuliza tangu nikiwa mkamwana mbichi, miaka ya hamsini ikianza, na mpaka leo hakuna aliyenijibu nikatosheka.

Nilikuwa nimeolewa karibu na Keroka, kwenye mteremko unaoshuka mtoni. Mume wangu alikuwa mbali, akichuma majani chai kwenye mashamba ya kampuni. Nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe, ambaye alikuwa mjane, na shamba lake la wimbi. Wimbi ndio uji, ndio ugali, ndio heshima ya mama mwenye boma. Lakini wimbi haungoji mtu. Magugu yakiuzidi ungali mchanga, umekwisha, hata ungelia machozi.

Mama mkwe ndiye aliyeongoza egesangio yetu, yaani kikundi cha wanawake wa kulimiana kwa zamu. Leo tunapalilia kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa jirani. Hakuna mshahara. Mwenye shamba anawapikia wenzake, na zamu ya mwenzako ikifika huna kisingizio, ukiwa na mtoto unamfunga mgongoni unakuja naye. Mtu akilimiwa halafu asilime, hata moto wa kuwashia jiko hapewi.

Msimu huo wa palizi, chifu akaita baraza sokoni. Kampuni ya chai, akasema, inataka barabara ya lori ishuke mpaka kwetu. Serikali imekubali. Kila boma litoe mtu na jembe.

Wanawake wakaguna. Barabara, wakati wa palizi! Mama mkwe akasimama. "Bwana Chifu, huyu kampuni tukimlimia, na yeye atatulimia?"

Chifu alikuwa na haraka, mkono mmoja tayari kwenye baiskeli. "Mtasaidiana, mama. Kampuni ni rafiki yetu."

Sasa sisi tungejua nini? Kwetu mtu akikuita na jembe lako na asitaje mshahara, huyo ni mwenzako wa zamu. Mama mkwe akampa kampuni zamu ya kwanza kwa sababu ni mgeni, na mgeni njoo mwenyeji apone. Shamba lake mwenyewe akaliweka la pili. Kampuni ina watu wengi, akasema, itamaliza mteremko wote kabla jua halijawa kali. "Mkamwana, mwaka huu hatutaumwa mgongo," akaniambia, na akacheka. Alikuwa na furaha, jamani, mpaka mimi nikaamini.

Tukachimba barabara mvua ikitunyeshea. Tuling'oa visiki, tukabeba mawe kichwani. Hakuna aliyetupikia hata kiazi. Nikauliza, "Mama, mwenye zamu hapiki?"

"Wazungu hawajui kupikia watu wengi. Tuwasamehe."

Barabara ilipokwisha, magugu yalikuwa yameanza kuufunika wimbi. Mama mkwe akatuma salamu kwa chifu kwamba sasa ni zamu yake. Akaufagia wimbi wote uliobaki ghalani, tukausaga, tukasonga ugali, tukapika chinsaga, ile mboga chungu, kwa maziwa. Wanawake wa egesangio wakaja na majembe yao. Tukangoja. Mara lori likashuka kwenye barabara mpya. Loo, tulipiga vigelegele!

Wakashuka karani wa kampuni na askari wa chifu. Mama mkwe akawanawisha mikono, akawapakulia. Wakala, wakashiba, wakasifu mboga. Kisha akawaonyesha shamba. "Wengine wako wapi? Tuanzie juu au chini?"

Karani akamtazama askari. "Mama, tumekuja kuchukua vijana wa kuchuma chai. Kampuni hailimi mashamba ya watu."

"Sisi tumeilimia."

"Hamkuilimia kampuni. Mliilimia serikali."

Kesho yake alfajiri tukaenda Kisii kwa Bwana DC, mama mkwe mbele, mimi nyuma. Tulipopita Kiogoro nyayo zilikuwa zinawaka moto. Tukamkuta DC ameketi na mzungu wa kampuni kwenye veranda ya ofisi, wanakunywa chai ya birika moja. Sikuweza kujua nani hapo alikuwa mwenyeji na nani mgeni. Mkalimani akatuambia kwamba barabara ni ya kampuni, kwa faida ya wote, na kwamba mambo ya kulimiana tuiulize kampuni.

"Kampuni inasema tuiulize serikali," mama mkwe akasema.

Mkalimani hakutafsiri hilo.

Njiani kichwa kiliniuma kwa kuwaza. Chifu anamwogopa DC. DC naye anamwogopa nani? Kama barabara ni ya serikali, mbona lori ni la kampuni? Kama ni ya kampuni, mbona tuliitwa na chifu? Nikamuuliza mama mkwe yote haya mpaka akaniambia ninyamaze. Hakuwahi kuniambia hivyo kabla.

Wenzetu wa egesangio walikuja wakapalilia, Mungu awabariki, ingawa magugu yao wenyewe yalikuwa yakiwangoja. Lakini wimbi ulikuwa umeshakuwa wa manjano. Wakati wa mavuno tulipata wa kujaza kapu tu, na ghala tulikuwa tumeshalimaliza kwa kulisha wageni.

Lori liliporudi, mama mkwe ndiye aliyetoka kulisimamisha. Karani akasema, "Mama, wewe ni mzee, utachuma nini?"

"Sichumi. Napalilia."

Nilimsukuma kwa mikono yangu mwenyewe apande, kwa sababu goti lake lilikuwa halikunjiki vizuri. Akaketi katikati ya vijana, jembe mapajani, akaenda kupalilia chai ya watu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na lori likapanda mlima wote bila kukwama, maana barabara ile tuliijenga vizuri.