Mke Asiyekuwemo Kitabuni

Kengele ya kwanza haijagongwa, na Mwalimu Tawakali Abdurahmani amekwisha futa ubao mara mbili. Hakuna kilichoandikwa. Anafuta tu, kisha anakwenda dirishani, anachungulia njia ya forodhani, anarudi, anashika chaki, anaiweka.

Anaangalia kama mkewe anapita na mzigo.

Watu wa Kilwa Kivinje wanamjua mwalimu huyu wa historia kwa utulivu wake. Hapandishi sauti, hachelewi darasani. Kabla ya vita aliandika riwaya kuhusu mtu wa namna yake: mwalimu anayefundisha, anayesahihisha madaftari, anayesoma kidogo na kulala. Basi. Hakuna mauaji wala hazina. Mchapaji mmoja wa Lindi akatoa nakala chache, na hakuna aliyezitaka.

"Hata mimi nilikwisha kisahau," anasema, akicheka kwa shida.

Mwaka huu ghala la skuli moja huko Kiranjeranje liliezuliwa ili liezekwe upya, na nakala moja ikaonekana nyuma ya majembe. Ikafika kwa Ahmadi, fundi cherehani wa hapa Kivinje, mtu asiyeweza kusoma kitu akanyamaza nacho. Akaanza kuisoma kwa sauti barazani kwake kila baada ya sala ya alasiri. Watu wakajaa, wachuuzi, wavuvi, hata karani wa boma, wote wanataka kujua kesho mwalimu wa kitabuni atakula nini. Mimi nilipeleka kanzu kushonwa, nikakaa mpaka magharibi. Kanzu haijaguswa.

"Tunajiona humu," anasema Ahmadi. "Mtu kafanya kazi yake, karudi kwake, kachoka. Nani alipata kutuandika sisi?"

Mchapaji wa Lindi naye amepata habari. Anataka kukichapa upya, anangoja jibu.

Tatizo liko nyuma ya ukuta wa fundi. Hapo ndipo nyumbani kwa mwalimu, na mkewe, akiwa uani, amesikia kila neno. Alingoja yeye mwenyewe atokee kitabuni. Sura baada ya sura, hakutokea. Mwalimu wa kitabuni hana mke. Anaamka peke yake, anawasha moto mwenyewe, anajipikia uji.

Mwalimu Tawakali ana utetezi, na hapa pwani utetezi huo una uzito. Mwanamume mwenye adabu hamtaji mkewe mbele za watu. Hata tukisalimiana tunaulizana tu, "Nyumbani hawajambo?"

"Nilimsitiri," ananiambia. "Ningemweka kitabuni, angekuwa midomoni mwa kila mtu. Ile ilikuwa heshima, wallahi."

Lakini barazani sasa wanamhurumia mwalimu wa kitabuni. Juzi mmoja akaomba dua kwamba Mungu amjaalie masikini yule apate mke. Mke akasikia. Tangu hapo hasemi na mumewe ila neno moja moja, na ameapa: kitabu kikichapwa kama kilivyo, atapanda chombo kwenda kwa kaka yake Songo Songo, na hatarudi.

Jioni napiga hodi nyumbani kwao. Nakaribishwa ukumbini, na mke anazungumza kutoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nikuulize wewe mwandishi. Huyu bwana umepata kumwona akiwasha moto?"

Nasema sijamwona.

"Wala hutamwona. Alipokuwa akiandika hicho kitabu, nani aliwanyamazisha watoto? Leo nasikia ukutani kwamba alikuwa peke yake! Imeniuma, baba. Imeniuma sana."

Mwalimu, ambaye muda wote huo anazunguka ukumbini, anasimama. Anasema ameanza sura mpya, itakayokaa mwanzoni kabisa, ili msomaji akutane na mke kabla hajakutana na uji. Skuli ikifungwa anatumaini kuipeleka Lindi kwa mkono wake, mkewe akiwa bado yuko nyumbani.

"Nimeandika 'mkewe' tu," anasema. "Jina sijaliweka. Siwezi. Watu watasemaje?" Ananigeukia. "Nawe tafadhali, usilitie gazetini."

Nafunika kalamu.

"Ifunue, baba," sauti inatoka nyuma ya pazia. "Mwahija binti Salumu. Andika, kisha usome kwa nguvu, na huko barazani wasikie."

Naandika. Kabla sijasoma namtazama mwalimu. Jasho linamtoka, macho yako chini.

"Msomee, bwana," anasema. "Msomee mke wangu."