Mwanatabu wa Waridi

Dada yangu Mwanatabu alikuwa mtu mzima, ana mume na watoto wanne, alipopatwa na wazimu wa Waridi. Nasema wazimu kwa sababu sina neno jingine, na yeye mwenyewe hakulikataa. Waridi ilikuwa bendi ya taarab ya Mtongwe. Ilianza mwaka wa hamsini na saba, au nane, sikumbuki sawasawa, na wapigaji wake wengi walikuwa makuli wa bandarini waliokutana siku wasizokuwa na zamu. Tsuma alipiga fidla, Mwarandu alipiga taishokoto, ile ala ya vibonyezo, na Mwidani ndiye aliyeimba. Wengine majina yao nimeyasahau, na Mwanatabu angekuwa hai leo angenigombeza kwa kuyasahau.

Kwetu ni Bofu, hapa Likoni. Mama alifariki nikiwa na miaka mitano, na Mwanatabu alikuwa na kumi na tatu. Yeye ndiye aliyenilisha, aliyenisuka nywele, aliyenipeleka chuoni kwa mwalimu nikiwa nalia njia nzima. Alipoolewa na Matano, baharia wa feri, sharti lake lilikuwa moja, kwamba mimi mdogo wake anakuja nami. Matano akakubali. Kwa hiyo mtu akiniuliza mama yangu ni nani, mimi najua jibu langu, hata kama wengine watasema ni dada tu.

Kazi yake ilikuwa kusuka makuti ya kuezekea. Waridi walifanya mazoezi Jumamosi alasiri uani kwa Tsuma, basi kila Jumamosi Mwanatabu alijitwika majani ya mnazi kichwani, akaenda kwa miguu hadi Mtongwe, akakaa nyuma ya nyumba ya Tsuma akisuka na kusikiliza. Ati kazi haichelewi. Matano alikuwa akisema makuti ya Jumamosi hupinda, na kwamba siku atakayokufa yeye, mkewe atauliza kwanza kama Waridi wana shughuli siku hiyo ndipo wapange mazishi. Mwanatabu alicheka mpaka akashika mbavu, wala hakusema si kweli.

Aliwafulia mashati meupe na kuyapiga pasi ya makaa. Mwidani akikohoa, alimpelekea asali na tangawizi. Siku moja kwenye foleni ya feri mwanamke mmoja wa kisiwani alisema kwamba Waridi ni makuli wanaokwaruza nyuzi, na dada yangu, mtu mpole ambaye hata mimi hakuwahi kunipiga, alimjibu kwa sauti ambayo watu wa ng'ambo nadhani walisikia. Feri ikaja, ikajaa, ikaondoka, naye yuko palepale anamweleza yule mama Tsuma alivyojifunza fidla. Nilikuwa naye. Niliona haya, nikacheka pia.

Alipata jina, Mwanatabu wa Waridi, na alilipata hasa kwa kutunza. Kwetu wimbo ukikunoga unanyanyuka, unakwenda polepole kwa madaha, mkono juu na shilingi yako, unampa mwimbaji. Lakini kutunza si pesa tu. Watu wanatazama umepita mbele ya nani na umepita kwenye maneno gani. Ukipita mbele ya mtu wimbo unapoimba aibu yake, basi umemrushia yeye, na ukumbi mzima umeshuhudia. Wanawake wameachwa na marafiki wa utotoni kwa sababu hiyo. Na Waridi nao walikuwa na itikadi yao, kwamba wimbo mpya ukitunzwa mapema una bahati, na mtu akinyanyuka kuutunza kisha akarudi kukaa na pesa yake mkononi, wimbo huo umekufa siku hiyohiyo na mwimbaji atachekwa. Dada yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kila mara. Hakungoja hata maneno. Fidla ya Tsuma ikianza tu, yuko wima, na huzunguka safu zote kabla hajafika mbele.

Sasa nije kwangu. Niliolewa na Tsofa, fundi wa baiskeli, mwaka wa hamsini na tano. Miaka mitano nikakaa bila mtoto. Nilikwenda hospitali, nikaenda kwa waganga, nikanywa vitu ambavyo hata sasa sitaki kuvitaja. Mwaka wa sitini Tsofa akaoa mke wa pili, Mwanarusi, na haukupita mwaka akawa na mimba. Sikusema neno. Watu walinisifu kwa subira, na haikuwa subira hata kidogo. Mimi hasira zangu ziko puani tangu utotoni, ila mwaka ule nilizimeza kwa sababu nikifungua mdomo ningeangua kilio. Aliyejua hivyo ni Mwanatabu peke yake. Kwake ndiko nilikokwenda kulia, kichwa pajani pake, mtu mzima mimi.

Basi ikaja harusi ya binti wa jirani yetu Dhahabu, mwezi wa pili mwaka wa sitini na moja. Alasiri ya kumtoa bibi harusi, wanawake peke yao kwenye ua mkubwa uliofunikwa maturubai, na Waridi wamekaa mbele. Nilikaa safu ya tatu. Mwanarusi alikuwa safu hiyohiyo, amekaa na mama yake na shangazi zake, tumbo limeshatangulia. Nilikwenda kwa sababu nisingekwenda ingesemwa nina kijicho.

Mwidani akatangaza wimbo mpya. Tsuma akaanza fidla peke yake, na kusema haki, ilikuwa nzuri, nzuri mno, hata mimi nilisahau kidogo nilipo. Mwanatabu akanyanyuka. Leso kiunoni, shilingi juu, akaanza kuzunguka safu kama kawaida yake, macho ameyafumba nusu. Alikuwa amefika kwangu, mkono wake ungeweza kunigusa bega, pale Mwidani alipofungua mdomo.

Wimbo ulihusu nyumba. Nyumba iliyopambwa, ina kitanda cha samadari, ina mapazia na mazulia, ila hakuna sauti ya mtoto ndani yake, na mwenyewe anajidai bibi. Maneno wazi kabisa, hayakuhitaji kufumbuliwa. Kwenye mazoezi walikuwa wakiupiga muziki tu, maneno Mwidani aliyaleta siku ileile. Hilo nalijua, na nililijua hata wakati ule.

Nilimwangalia usoni. Nataka mniamini hapa, kwa sababu habari yote iko hapa. Nilimwona anafumbua macho. Nilimwona anaelewa. Akasimama, muda wa hatua moja, labda mbili. Akaniangalia mimi, akamwangalia Mwidani, ambaye alishaiona ile shilingi na alikuwa ametabasamu na kunyoosha mkono. Kisha akaenda. Akamaliza safu, akafika mbele, akamtunza.

Vigelegele vya upande wa Mwanarusi vilipasua turubai. Shangazi yake mmoja alinyanyuka naye, akapita palepale alipopita dada yangu, na wa pili, na wa tatu. Ikawa ngoma nzima ni ya kunicheka mimi. Nilijitanda buibui nikatoka. Nilitembea mpaka nyumbani na sikumbuki njia niliyopita.

Mwanatabu alikuja kabla ya magharibi. Nilikuwa nimekaa kitandani, sikumkaribisha. Akaanza kueleza kuhusu fidla, na maneno ambayo hakuyajua, na jinsi mguu ulivyokuwa umeshakwenda. Nikamkata.

"Uliyasikia maneno?"

"Niliyasikia."

"Ukiwa hujafika mbele."

"Nikiwa bado kwako."

"Ukaendelea."

Angeweza kudanganya na labda mngemwambia adanganye. "Nikaendelea," akasema. "Mwidani alikuwa ananingoja. Nikaona nikirudi nitamwaibisha mbele ya watu."

Nikamwambia basi amechagua nani wa kuaibishwa. Alilia. Aliomba msamaha siku ile, akaja kesho yake akaomba tena, akamtuma Matano, akamtuma mkubwa wa wanawe. Mimi nilikuwa jiwe. Mwisho, baada ya mwezi, nilikwenda kwake mwenyewe. Nilimkuta anasuka. Nikamwambia akitaka niwe mdogo wake kama zamani, kwa Waridi asiende tena. Asiende kwa Tsuma, asihudhurie harusi wanayopiga, nguo zao asifue.

Aliangalia kuti lililokuwa mikononi mwake kwa muda. "Haya," akasema.

Nami nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nilirudi nyumbani mwepesi. Nilidhani nimemrudisha dada yangu.

Alitimiza, tena alitimiza kupita nilivyomwambia. Jumamosi alikaa barazani kwake. Waridi wakipiga Bofu, alifunga madirisha. Ule wimbo ulisambaa pwani nzima, mabaharia wa feri waliuimba, watoto waliuimba, na yeye akiusikia aliinuka akaingia ndani. Tsuma alimtumia salamu mara mbili tatu akitaka kujua ana nini, naye hakujibu. Aliacha hata kuimba jikoni, jambo ambalo sikumkataza. Nilikwenda kwake karibu kila siku. Aliniandalia chai, aliniuliza habari za Tsofa, alinifungia samaki nikiondoka. Nikimwita aliitika "abee", yeye, mkubwa wangu, aliyenifundisha mimi kuitika hivyo. Mara ya kwanza nilidhani anatania.

Nilingoja siku atakayonigombeza. Nilimchokoza makusudi. Nilichelewa, nilisahau kumpelekea alichoniagiza, nilisema chakula chake kimezidi chumvi. Alisema, "Samahani, Mwanarehema." Kilio changu sikukipeleka tena pajani pake, kwa sababu paja lilikuwapo lakini mwenyewe hakuwapo. Mwanarusi alizaa, akazaa tena, na nilikaa na uchungu wangu peke yangu, kwa mpango nilioupanga mwenyewe.

Matano alinijia siku moja kazini kwa Tsofa. Si mtu wa maneno mengi nje ya mizaha, na siku ile hakuleta mzaha. Alisema mkewe halali vizuri, anakaa na kutazama ukuta, na kwamba neno langu moja lingetosha. Nilimjibu kwamba mimi sikumfunga mtu kamba. Aliniangalia, akasema sawa, akaenda zake kazini.

Ukaja mwaka wa uhuru. Mjini hapakuwa na utulivu. Wengine walitaka Mwambao, yaani pwani yetu, usimame peke yake, wengine hawakutaka kusikia habari hiyo, na majirani waliokula sahani moja walikuwa hawasalimiani. Wengine walifunga maduka mapema, wengine walinunua unga wa mwezi mzima. Hata hivyo, wiki ile ya Desemba ilitangazwa kwamba Waridi watapiga uwanjani Likoni, alasiri, bure, watu wote wake kwa waume. Nikafikiri, haya, hii ndiyo njia. Nilijiona mkarimu mno. Nilikwenda kwa Mwanatabu nikamwambia avae, twende.

"Wapi?"

"Kwa Waridi."

Nilitegemea aruke. Alikunja mkeka aliokuwa ameukalia, akaniuliza, "Wataka niende?" Nikasema nataka. Akasema, "Kama wataka." Akavaa.

Tulikwenda na Matano. Uwanja ulikuwa umejaa, bendera mpya kila mahali, watoto juu ya mabega ya baba zao. Mwanatabu alikaa nyuma kabisa ingawa mbele palikuwa na nafasi. Waridi walipiga vizuri. Walikuwa wameongeza kodiani, na Mwidani alikuwa amenenepa. Tsuma alipoanza fidla peke yake nilimgeukia dada yangu, nikangoja. Nilikuwa hata nimemwekea shilingi mkononi. Alikuwa anatazama mbele kama anayengoja feri. Wimbo ukaisha, akanirudishia shilingi yangu kwa adabu. Nikamuuliza kama haukumpendeza. Akasema ulikuwa mzuri, ila alipojaribu kuusikiliza hakusikia kitu.

Kwenye mapumziko Tsuma alituona. Alikuja mbio kati ya watu, fidla kwapani, jasho linamtoka, furaha yake mtu yeyote angeiona. Alisema miaka karibu mitatu hawakumwona, walidhani wamemkosea, walidhani amehama.

"Hamkunikosea," Mwanatabu akamwambia. "Nilikuwa na mgonjwa nyumbani."

"Pole sana dada. Amepata nafuu?"

Mwanatabu alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningeijua hasira, hiyo ndiyo niliyoitafuta miaka yote ile.

"Bado," akasema.

Watoto wake wote wanne walikuwa wazima, na Matano alikuwa mzima, amesimama palepale ananunua karanga. Nilijua mgonjwa ni nani. Na hata hapo, nisiwafiche, nilikuwa bado nangoja aniombe msamaha mara moja zaidi.