Chai Yangu Ilivyozima Moto wa Mama Chelangat

Leo mwanamke mmoja amemwaga chai yangu mbele ya wenzangu wote, na nilistahili.

Hii ni siku ya tatu ya matembezi yetu ya kutetea mazingira, tangu tuondoke Kedowa. Karibu na Silibwet, mkulima aitwaye Mama Chelangat alitupikia chai ya maziwa kwa kuni.

Kiongozi wetu alikuwa anatafuta msemaji wa kesho mjini Bomet. Mimi, mwenye shahada ya mazingira, niliona fursa.

Nilisimama, kikombe mkononi, nikaonyesha mikaratusi iliyo kando ya kijito, miti inayonyonya maji mengi. Nikatamka kwamba aliyeipanda hawajali wajukuu wake.

Wenzangu wakapiga makofi. (Nakiri, niliyafurahia.)

"Ni mimi nilipanda," akasema Mama Chelangat. "Na kuni zake ndizo zimechemsha hiyo chai. Lete kikombe, kijana."

Nikampa. Akaimwaga chai yote, polepole, juu ya makaa yaliyobaki.

"Haya, moto umezimika. Endelea kutufundisha."

Wenzangu walicheka sana, lakini hakuna aliyeweka kikombe chake chini.

Kesho msemaji ni Mama Chelangat. Mimi nimepangiwa kumshikia bango.

Ninyi mngemjibu nini, mkiwa na kiu kama yangu?