Posa ya Miguu ya Mbele

Suhaib, mume wangu, ana pikapu ya mwaka hamsini na nane, na nyumba ikiwaka moto ukamwambia aokoe kimoja kati ya hiyo pikapu na mimi, atakuambia subiri kwanza afikirie. Huyo ndiye mtu ninayetaka kuwaeleza. Ni mtu wa Tanga, mrefu, mkimya, aliyeingia Johannesburg kwa njia ya Maputo na viatu vya kuazima, na tangu hapo kazi yake ni kuhamisha watu. Nusu ya Watanzania wa Hillbrow vitanda vyao vimepanda pikapu ya Suhaib. Wakigombana na mwenye nyumba, wanampigia Suhaib. Wakiachana, wanampigia Suhaib, naye hubeba kabati la mke na televisheni ya mume bila kuuliza nani kamkosea nani. Kuongea ananiachia mimi, Kidawa, na mimi sijawahi kumwangusha.

Mwaka jana nilipasuliwa mgongo. Daktari akaniambia nitembee taratibu, nisibebe kitu, na nisirushwe. Hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa, maana pikapu ya Suhaib kazi yake ni kurusha. Mbele ilikuwa na ekseli moja, gogo zima la chuma kutoka tairi hadi tairi, limekalia springi za majani, yale mabamba ya chuma yaliyopangana, zilizokakamaa. Tairi la kushoto likipanda jiwe, la kulia linapata habari hapo hapo, na mimi niliyekaa juu napata habari kuliko wote. Siku ya kutoka hospitali nililia kuanzia getini mpaka nyumbani kwetu Troyeville, na silii ovyo mimi. Teksi za abiria za huku ndiyo usiseme, yule dereva anaendesha kama anafukuzwa. Basi nikawa mtu wa ndani. Kwa miguu nafika spaza, kiduka cha kona, na mtaa wa pili, zaidi ya hapo dunia naiona kwa dirisha.

Nikavumilia, nikachoka. Nikamwambia, "Baba Bushra, siwezi kuzeekea dirishani. Uza hilo gari ununue gari la binadamu, au nipeleke uwanja wa ndege nirudi Tanga kwa Bushra." Bushra ni binti yetu, ameolewa huko, ana chumba cha chini na ua wa kuota jua. Sikuwa namtisha mtu. Sanduku nilishalishusha kutoka juu ya kabati, nikaliweka mlangoni.

Suhaib akashinda kutwa nzima chini ya pikapu. Jioni akaweka kikombe chini akasema, "Nitaibadilisha miguu ya mbele."

Maana yake ni kwamba atatafuta gari dogo la kutembelea, alikate sehemu yote ya mbele chini ya injini, ile boriti pamoja na mikono yake, springi za mviringo na shokapu, aipachike kwenye pikapu. Gari dogo kila tairi la mbele linajibeba lenyewe. Likiingia shimoni, linaingia peke yake, halimsumbui mwenzake. Nikamwambia sawa, ila sanduku litabaki pale pale mlangoni mpaka nione.

Gari lenyewe alishalichagua. Lilikuwa la marehemu Gaston, limeegeshwa uani kwa mjane wake, Mama Marcelline, mtaa wa pili. Mama Marcelline ni fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, mama mzito wa mwili na wa neno. Tangu mumewe afe gari halijawashwa, ila kila Jumapili akitoka kanisani analifuta vumbi, kisha anakaa ndani kiti cha abiria, amefunga mlango. Sisi wote mtaani tulijua na hatukusema kitu. Suhaib akaenda kumwomba, akifuatana na Pitchou, mpwa wa yule mama, ambaye ni fundi wa kuchomelea na rafiki wa Suhaib. Nami nikajikongoja nyuma yao, maana Suhaib akitumwa kuomba chumvi hurudi na salamu tu.

"Motokari ya bwana yangu haikatwake kama nyama ya soko," Mama Marcelline akasema. "Nikiuzisha vipande, njo nimemuuzisha Gaston. Lakini kama inaolewa, ile ni jambo ingine. Mutoto akiolewa hajakufa."

Pitchou akacheka. Shangazi yake hakucheka. Pitchou akaacha.

Basi tukaposa. Ndiyo, tukaposa gari, na msinitazame hivyo. Mshenga wetu alikuwa Mahmoud, muuza sambusa wa Fordsburg, ambaye alikubali akisema amewahi kuwaposea wanaume wabovu kuliko ile pikapu. Sharti lake moja: khutba hasomi, chuma hakina walii. Upande wa pili alikaa Jacques, mdogo wa marehemu Gaston, mlinzi wa duka, amevaa tai. Jacques ndiye aliyetutoa jasho.

"Munachukua mbele tu," akasema. "Nyuma yake tutaifanya nini? Muntu anaoa nusu?"

Mahmoud akajibu kwa heshima zote kwamba mbele ndiyo inayofanya kazi, na nyuma ibaki kwao iwe kumbukumbu. Walikwenda hivyo kutoka chai ya kwanza hadi chai ya pili. Mwisho wakakubaliana: mbuzi, kitenge cha mama, na suti ya baba wa bibi harusi, maana kwao baba hatoi binti bila suti. Kwa kuwa Gaston yuko kaburini, suti ikawa ya Jacques. Suhaib akatoa suti yake mwenyewe ya Idi. Jacques mfupi, mikono ya koti ikamfunika vidole, lakini aliivaa pale pale na hakuivua. Siku ya pili nikagundua na doti yangu ya khanga, ambayo nilikuwa nimeitunza, imekwenda na mahari bila mtu kuniuliza. Nilisema maneno siku hiyo ambayo sitayarudia hapa.

Ikaja siku ya kumchukua. Gari la kuvuta likafika, dereva akataka kulinyanyua kwa nyuma, litoke uani likiwa limeitazama nyumba. Mama Marcelline akasimama getini. "Mutoto mwanamuke akitoka kwao haangaliake nyuma." Dereva akajaribu kueleza habari za gia. Akaelezwa habari za kizazi cha mama yule. Akaondoka. Gari likasukumwa kwa mikono, uso mbele, kupanda kilima cha Troyeville, wanaume kumi wakihema, wanawake nyuma wanapiga vigelegele, na teksi zimejipanga honi tupu. Mbele ya wote anatembea Jacques na suti yake, anasimamisha magari kwenye roboti, zile taa za barabarani, kwa mkono usioonekana vidole. Mimi nilikuwa dirishani. Nilikuwa na hasira, lakini nilicheka mpaka mgongo ukanikanya.

Sasa sikilizeni kosa lilipofanyika. Kwa hao jamaa, bibi harusi haachwi peke yake na bwana harusi kabla shughuli haijaliwa. Kwa hiyo Pitchou na Suhaib walipokwisha kukata ile sehemu ya mbele na kuanza kupima na kuchomelea uani kwetu, ukoo mzima wa Gaston ulipanda nyuma ya pikapu kumsindikiza mtoto wao. Wakakaa na viti vyao vya plastiki, na sufuria za wali, na mbuzi aliyekwisha kuwa mchuzi. Nyuma ikabonyea, pua ikanyanyuka. Pitchou akaweka pima maji yake, povu likakaa katikati, akachomelea boriti, akachomelea vishikio, moto unaruka, watu wanaimba. Hakuna aliyefikiri. Mafundi wawili wenye mvi, na hakuna aliyefikiri.

Shughuli ikaliwa, watu wakashuka. Nyuma ikapanda, pua ikashuka, pikapu ikabaki imeinama pale kama imesujudu.

"Eish," akasema Pitchou.

Suhaib akaijaribu hivyo hivyo. Alikuwa na kipimo chake: anaweka ndoo ya maji iliyojaa kwenye kiti changu, anaifunga mkanda, anasema huo ndio mgongo wa Mama Bushra. Ndoo ikarudi tupu, na yeye amelowa mpaka soksi, kwa sababu usukani ulikuwa unakwenda unakotaka. Akawapandisha wakwe nyuma, akazunguka tena. Safari hii ndoo ikarudi imejaa na gari limenyooka. Suhaib akaitazama ndoo, akawatazama wakwe, akakaa chini kwenye tairi bovu. Mimi nimeolewa naye miaka mingi na sijawahi kumwona amechoka vile.

Dawa ilikuwa moja: kukata na kuchomelea upya. Mama Marcelline akasikia. Akaja na kitenge chake cha mahari kiunoni. "Kukata ni talaka," akasema. "Mukikata, munirudishie mutoto wangu leo."

Hapo nikasema imetosha. Nikamwambia Suhaib akanikatie tiketi. Hakubisha. Alisema tu, "Panda mara moja, Kidawa. Ukiumia, nitakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe, sitasema neno." Huwa haniiti jina. Nikapanda kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine.

Ikawa Jumapili, wao wametoka kanisani. Nyuma wakapanda wakwe na viti vyao, Jacques katikati na suti. Mbele nikakaa kati, Suhaib kwenye usukani, na Mama Marcelline akajibana dirishani, kwani binti hapelekwi bila mama yake. Hajawahi kupanda kitu kinachotembea na miguu ile tangu mumewe afe. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nafikiria mifupa yangu.

Tukateremka mtaa. Mashimo ninayoyajua kwa majina, nikawa nayangoja, nimeuma meno, na hayakuja. Yaani yalikuwepo, tairi likaingia, likatoka, halikuniambia kitu. Tukafika kwenye tuta mbele ya shule. Pua ikapanda polepole, ikashuka polepole, ikatulia. Sikuumia. Niligeuka nimwambie Suhaib, nikasikia pembeni yangu mtu anavuta pumzi.

Mama Marcelline alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Njo yeye," akasema. "Ilikuwa inashukaka hivi. Kila asubuhi akinipeleka kazi, ilikuwa inashukaka hivi." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Na mimi niliyemlaani kwa sababu ya khanga, nikaona aibu, na woga ukanishika ambao sijui hata niuelezeje. Nilimwona mwanamke amekaa kwenye gari uani, amefunga mlango, na yule mwanamke hakuwa yeye, alikuwa mimi.

"Zunguka," nikamwambia Suhaib.

"Mgongo?"

"Mgongo mzima. Zunguka, mama apite tena kwenye tuta."

Akazunguka. Tukapita tena, na tena, wakwe nyuma wakaanza kuimba, wakidhani ndiyo utaratibu wa Tanga. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake wenye grisi, pale kwenye gia, nikasema kwa ukali ili sauti isinivunjikie.

"Nisikilize, Suhaib. Ukitangulia kufa wewe, hili gari simpi mtu hata boliti."

"Sawa," akasema, akawasha indiketa ya kuelekea Fordsburg, kwenye sambusa za Mahmoud, si uwanja wa ndege.