Shiraa ya Bi Rukiya

Kaniki mpya inanuka. Wasioijua wataniambia ni nguo kama nguo nyingine, lakini mimi naijua: ina harufu kali ya nili, chachu kidogo, inayoingia puani na kubaki kooni, na ukiivaa juani rangi inakuhamia makwapani, usugue na sabuni mpaka uchoke. Hata leo nikipita madukani hapa Malindi, nikaona mwenye duka ametandaza kaniki juu ya meza, mimi huvuka barabara. Wajukuu zangu hunicheka, eti bibi anaogopa nguo. Siogopi. Naichukia, na ni haki yangu kuichukia, kama mtakavyosikia.

Wakati huo nilikuwa bado naota meno ya mbele. Mimi na mamangu tulikaa katika kibanda cha makuti nyuma ya nyumba ya mawe ya Bi Rukiya, na kiwanja kilikuwa chake. Bibi yangu, Sikujua, alikuwa mtumwa wa baba yake Bi Rukiya. Alimlimia mtama tangu usichana wake mpaka mgongo ukapinda. Watumwa waliruhusiwa kuvaa kaniki tu, imefungwa chini ya makwapa, kichwa wazi na miguu mitupu. Serikali ilipotangaza kwamba utumwa umekwisha, bibi hakupiga kigelegele wala hakulia. Alikwenda kwa Banyani akanunua leso ya maua, akajifunika kichwa, akarudi nyumbani, akaichana ile kaniki vipande vya kuipulia vyungu vya moto. Alikufa muda si mrefu baadaye, akiwa na leso yake, nasi tukabaki pale pale kiwanjani kwa kuwa hatukuwa na pengine. Kila mvua za masika Bi Rukiya alikuwa akitukumbusha kwamba anatusitiri.

Mama jina lake lilikuwa Faida. Jina hilo alipewa na mabwana, na mtu anaweza kukisia kwa nini. Alikuwa na kitu kimoja kilichokuwa chake mwenyewe, nacho ni ukaidi wa ulimi. Vijakazi wote wa zamani walikuwa bado wanamwita Bi Rukiya "Mwana", kama walivyozoea, na wakiitwa huitika "Labeka, Mwana". Mama tangu siku ya tangazo alikuwa anamwita Bi Rukiya, basi. Akiitwa huitika "Naam", kama anavyoitika mtu yeyote kwa jirani yake. Bi Rukiya alilisikia hilo kila siku na kila siku lilimkera, lakini hangeweza kulisema, kwa sababu angelisema nini? Tena alimhitaji mama, maana katika mtaa mzima hapakuwa na mwanamke mwenye mkono wa sindano kama wake.

Bi Rukiya ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama chetu cha lelemama, ngoma ya wanawake wenyewe kwa wenyewe, ya kusimama msitari na kugonga pembe huku mkiwaimba wapinzani wenu mpaka wajute kuzaliwa. Wapinzani wetu walikuwa Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki. Mwaka ule wakatualika katika harusi yao, na mwaliko wa namna ile si mapenzi. Ni kuitwa ukachekwe. Bi Rukiya akaapa kwamba safari hii atawafunga midomo. Watu wote wanavaa mapya, akasema, sisi tutavaa ya kale. Tutaingia Mambrui kama walivyokuwa wakitembea mabibi wa enzi ya mama yake kule Lamu, kwa suruali za marinda, dusumali za hariri kichwani, mitali ya fedha miguuni, na juu ya yote, shiraa.

Sisi watoto hatukuwahi kuiona shiraa, na huku kwetu hata wakubwa wengi waliisikia tu. Ni chumba cha nguo kinachotembea. Kuta nne za kitambaa zinatundikwa juu ya miti minne, watumwa wanne wanashika miti, mmoja kila pembe, na bibi anakwenda ndani yake asionekane hata unyayo. Neno lenyewe maana yake ni tanga la chombo. Bi Rukiya aliieleza kwa kutembea ukumbini na mikono hewani, na wanawake wakapendezwa, mamangu akiwa mmoja wao. Hakuna aliyeuliza nani atashika miti.

Basi mama akashona. Alishona msimu mzima wa kaskazi, mlangoni petu kwenye mwanga, mpaka kidole chake cha shahada kikawa kigumu kama kwato. Alishona marinda ya watu wote, akashona zile kuta za shiraa kwa kitambaa cheupe cha marekani na pindo nyekundu, nami nikimtilia uzi sindanoni kwa kuwa macho yangu yalikuwa mazuri. Mwisho akajishonea yake. Bi Rukiya alikuwa amemwambia kwa kinywa chake, mbele yangu, "Na wewe jikatie moja, Faida, kwa kazi uliyoifanya." Akajikatia suruali ya marinda ya atlasi ya kijani, hariri ya kung'aa, ndefu, kwa sababu mama alikuwa mrefu. Sijapata kumuona mtu akishona vile. Kwa watu wengine alikuwa anashona anazungumza, anatania wapita njia. Ile ya kijani aliishona kimya, akimaliza rinda anaiweka juu ya magoti na kuipapasa. Usiku mmoja kabla ya kuifunga bahashani, lile furushi la nguo za safari, aliivaa akajipitisha chumbani mara moja, akaniuliza, "Nimekaaje?" Nikamwambia amekaa kama bibi harusi, akacheka akanifinya shavu.

Tuliondoka alfajiri, wanawake na punda wawili waliobeba nguo na ile shiraa iliyokunjwa. Ilikuwa safari ya furaha, siwezi kusema uongo. Tuliimba mpaka Sabaki, tukavushwa kwa mtumbwi kwenye maji yale mekundu ya matope, wengine wakisoma dua kwa ajili ya mamba, tukatembea tena mpaka tukaona nyumba za Mambrui. Hapo palikuwa na kisima na boma la mkonge, tukajificha nyuma yake kuvaa. Bi Rukiya mwenyewe ndiye aliyefungua mabahasha na kugawa. Kila aliyeitwa jina alikwenda akachukua chake. Ile ya kijani ilipotoka, mama alikuwa ameshanyanyua mkono. Bi Rukiya akampa mpwa wake, msichana mfupi aliyekuja na mikono mitupu, ikabidi aikunje kiunoni ndipo asiikanyage. Kisha akaingiza mkono chini kabisa ya bahasha la mwisho akatoa kaniki. Zilikuwa mpya, hazijaguswa na maji. Ina maana alikwenda dukani akazinunua, akazificha, akazisafirisha, huku akimuangalia mama anashona.

Watatu wa vijakazi wake wa zamani walipokea wakavaa. Ya nne akamnyooshea mama, na ndogo akanipa mimi, nikaambiwa nitatangulia mbele na mitawanda yake, vile viatu vya mti, juu ya sinia.

"Bi Rukiya," mama akasema, "mimi nilijishonea nguo."

"Na shiraa itakwenda peke yake?" Bi Rukiya akajibu. Alikuwa anatabasamu. "Usijitie unyonge, Faida. Ya kale yanataka yakamilike. Na leo mtaniita Mwana, nikiita muitike kama zamani, Mambrui wasikie. Ni mchezo tu."

Wanawake wakaangalia pembeni. Wale tulioimba nao njia nzima, wale ambao mama aliwapima mmoja mmoja mlangoni petu, ghafla kila mmoja alikuwa na kifungo cha kufunga. Mpaka leo siwasamehe, na wengi wao wamekufa. Mama alisimama na ile nguo mkononi, nami nilijua anachofikiri kwa sababu hata mtoto angejua: kibanda. Akikataa, jioni ile hatuna pa kulala. Akavua leso yake akaikunja, akaifunga kiunoni kwangu chini ya kaniki yangu, kisha akavaa. Harufu ya nili ikanijia kutoka kwake, na sikumtambua.

Tukaingia Mambrui. Watu walitoka majumbani, wanaume wakasimama barazani, watoto wakapanda kuta, na kwa kweli shiraa ilipendeza, nyeupe, pindo nyekundu zikipepea, pembe zikigongwa nyuma yetu. Mama alishika mti wa mbele mkono wa kulia, mimi hatua chache mbele yake na sinia. Ndani ya nguo Bi Rukiya akaanza kuita. Akamuita kijakazi wa kwanza, akaitika, "Labeka, Mwana." Wa pili akaitika. Wa tatu akaitika. Watu wakafurahi, wakawa wanangoja kila jina. Akaita, "Faida!" Mama hakusema kitu. Akaita tena. Kimya. Nikasikia miguno barazani, na mwanamke mmoja wa Mambrui akacheka kwa sauti. Bi Rukiya hakuwa mjinga. Hakuita mara ya tatu. Akaita, "Zuhura!"

Hilo ni jina langu. Nilikuwa mtoto, nimeambiwa ni mchezo, nimeambiwa niitikeje, na watu wote wale walikuwa wananitazama mimi. Nikaitika kwa sauti nzuri niliyokuwa nayo, "Labeka, Mwana!"

Wakanishangilia. Nikageuka kumtazama mama nione kama amefurahi. Sitausahau uso ule. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeonja chakula cha mwanawe akakuta kimeingia sumu. Akautua mti wake chini, taratibu, akaulaza barabarani, akapangusa viganja.

Pembe moja ya shiraa ikaanguka, na nguo ikafuata. Wale watatu wakajaribu kuizuia, wakavutana, ikamfunika aliyekuwa ndani. Bi Rukiya akakanyaga pindo akaenda chini magoti kwa mikono, akatokea upande wa pili kwa kutambaa, dusumali imebaki ndani, kichwa wazi mbele ya wanaume wa Mambrui. Pembe zikanyamaza.

"Faida!" akapiga kelele. "Shika mti! Shika, mtumwa we!"

Mama alikuwa ameshanishika mkono. "Usikasirike, Bi Rukiya," akasema, kwa utulivu, kila mtu akasikia. "Ni mchezo tu." Kisha akaniambia, "Zuhura, weka mitawanda chini. Ina mwenyewe." Nikaiweka mchangani, tukaondoka.

Nyuma yetu Mambrui walianza kucheka, na nimesikia kwamba kwa miaka mingi waliimba katika ngoma zao habari za chombo cha Malindi kilichoanguka tanga kabla ya kufika bandarini. Sisi hatukucheka. Mama alikwenda haraka mno, nikawa nakimbia. Tulipofika Sabaki, mwenye mtumbwi akatutazama zile kaniki akauliza, "Nyinyi wa nani?" Ndivyo walivyokuwa wakiulizwa watumwa njiani.

"Wa Sikujua," mama akajibu.

Yule mtu akadhani anafanyiwa dhihaka. "Hukujua nini?"

"Sikujua ni mamangu," mama akasema. "Tuvushe." Akafungua leso kiunoni mwangu, akajifunika kichwa, ndipo akaingia mtumbwini.

Tulitolewa kibandani siku ya pili, kabla makuti hayajakauka umande. Mabibi wa Malindi hawakumpa tena mama hata kofia ya kudariziwa. Wale wale waliovaa marinda yake harusini walisema mkono wake una nuksi. Banyani wa nafaka akampa kazi ya kushona magunia kwa shazia, ile sindano nene ya kupindika, na kamba ya katani ikamchana vidole mpaka hakuweza tena kushika uzi wa hariri. Hiyo ndiyo gharama yake, nami sitaki mtu aniambie ilikuwa hadithi tamu ya ushujaa. Mamangu alikuwa fundi, wakamfanya mshona magunia. Lakini hakuna aliyemsikia akijuta. Zile kaniki mbili alizichana vipande, akavitundika karibu na mafiga, na miaka yote ya utoto wangu tuliipulia vyungu kwa kaniki za Bi Rukiya.

Sasa nyumba ile ya mawe imekuwa hoteli, na Wazungu wanakaa ukumbini wanakunywa vitu vya baridi pale alipotembea Bi Rukiya na mikono hewani. Juzi mwalimu wa mjukuu wangu alikuja kwangu, kijana mwenye adabu, akanipa shikamoo yake vizuri. Watoto watacheza pale hotelini mambo ya kale, akasema, na wageni hupenda sana kuona shiraa. Mjukuu wangu amechaguliwa. Akafungua mfuko akanipa nguo ya mtoto, imekunjwa, mpya. Kabla sijaiona nilishainusa.

"Atakuwa nani?" nikamuuliza.

"Mmoja wa wale wanaoshika miti, bibi. Ni mchezo tu."

Wali ulikuwa umeiva. Niliikunja ile kaniki, nikaipulia sufuria, masizi yakaishika, nikampakulia mwalimu na mchuzi wa papa nikamwekea. Akaitazama ile nguo jikoni. Mwisho akauliza mtoto atavaa nini sasa.

"Marinda," nikamwambia. "Ya atlasi ya kijani. Mti utaushika wewe, mwanangu."

Alikula mpaka akamaliza. Sijui kama ataushika. Atlasi nimeshanunua, na mtoto nimeshampima.