Kilima cha Ukurasa wa Mwisho

Mjukuu wangu wa kike yuko kidato cha tano, na nusu ya akili yake iko Japani. Anasoma manga, vile vitabu vya katuni vinavyofunguliwa kwa nyuma na kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliponisomea cha kwanza nilidhani ananitania. Vinaeleza nyakati zijazo: miji iliyofunikwa kwa chuma, watu wanaogawiwa hewa kama sisi tulivyogawiwa sukari zamani, mashine zinazoamua nani amwoe nani. Mimi ni katekista mstaafu, habari za mwisho wa dunia nimezizoea, lakini hizi hazikuwa na malaika hata mmoja.

"Usiogope, babu," aliniambia, akinionyesha picha kitabuni. "Huyu msichana atawashinda."

"Sijaogopa. Nauliza tu hawa watu wanasali saa ngapi."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Likizo iliyopita alirudi na manga yake mwenyewe, aliyoichora kwa penseli. Ni habari ya mji ulio ukingoni mwa shimo, miaka mingi baada yetu. Ardhi yote imekwisha kuchimbwa. Udongo wa kupandia maharage unagawiwa kwa kikombe, na anayetaja jina la mahali pa zamani anakamatwa. Msichana mmoja anatafuta picha ya kilima kilichokuwapo kabla ya shimo, na kwenye ukurasa wa mwisho anaipata. Ukurasa huo ulikuwa bado mweupe.

"Hapa nataka kilima chenu," alisema. "Mengine yote nimetunga. Hiki kiwe cha kweli."

Kilima chetu kilikuwa upande wa Nyamongo. Nilizaliwa chini yake, nikachunga ng'ombe hapo, nikaoa hapo. Tulihama mgodi ulipofika kwetu, na leo pale ni shimo. Yeye hakuwahi kukiona. Akachonga penseli, akaningoja.

Nilikumbuka mvua ilivyonukia ikishuka kutoka kule, na nyoka aliyemgonga ndama wetu. Lakini umbo? Kilikuwa na kichwa kimoja au viwili? Kiliteremka polepole au kwa ghafla? Tukatafuta picha. Ninayo ya harusi, na ya ubatizo wa binti yangu. Katika zote mbili mpiga picha alitusimamisha mbele ya ukuta wa kanisa, kwa sababu ulikuwa umepakwa chokaa mpya.

Basi tukaenda Gorong'a, kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa huko.

"Kilikuwa na vichwa viwili," alisema hata kabla hatujakaa.

"Kimoja," nikasema.

"Wewe ungejuaje? Kila asubuhi ulisimama umekielekea, umefumba macho, unasali mpaka uji unapoa."

Mjukuu wangu alicheka. Mimi sikucheka, maana ni kweli.

"Haya bibi, chora wewe," alimwambia, akampa penseli.

Dada yangu alichora mstari unaopanda, akakomea hapo. "Ule mkuyu ulikuwa juu, au kule chini kwenye maji?" Akanitazama. Nami nikamtazama. Akairudisha penseli, akaanza kuuliza kama tumekula.

Ikabidi mtoto achukue kidogo kwangu na kidogo kwa dada yangu. Akachora vichwa viwili, kimoja kifupi. Mkuyu aliuweka katikati, kwa kuwa ukurasa ulitaka kitu mahali hapo.

Jumapili, baada ya ibada, manga ile ilizunguka mikononi mwa vijana. Mama mmoja tuliyekuwa jirani naye kabla ya kuhama aliomba aione. Alipofika ukurasa wa mwisho alifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Ndicho chenyewe," alisema, akaanza kuwaonyesha wajukuu zake kwa kidole nyumba yake ilipokuwa.

Mjukuu wangu akanisogelea. "Kwa hiyo tumepatia, babu?"

"Sijui, mama."

"Hata kidogo?"

"Ningejua ningekwambia."

Hakukasirika. Alikwenda kumsikiliza yule mama.

Namshukuru Mungu kwa mkono aliompa mtoto huyu. Vijana wetu sasa wana kilima cha kuonyesha, na sitasimama mbele yao kukipinga, kwa sababu sina kingine cha kuwapa. Huenda penseli ilikosea kwenye mteremko, huenda kwenye kile kichwa kifupi. Aliyepaswa kujua ni mimi, niliyefungua mlango kila siku nikakikuta kimesimama pale.