Kilima cha Mama Honorine

Vidole vya Mama Honorine Gaudry vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, na kanisani watu walijisogeza kwenye benchi kana kwamba ule weusi ungewapaka. Ilikuwa dawa ya kusafishia picha tu. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita hapa Épernay, kumi ya mwisho peke yake, tangu mumewe afe. Mimi nilifika kwake baada ya shule yetu ya Reims kupigwa kombora. Aliniuliza neno moja: "Unajua kunyamaza?" Nikaitikia kwa kichwa. "Basi ingia."

Kazi yetu ilikuwa picha za vioo. Kamera zake zina macho mawili kama mtu, na kila kioo kina picha mbili ubavu kwa ubavu. Ukikitia kwenye kisanduku cha kutazamia, picha mbili zinakuwa moja na kila kitu kinasimama: mti unakuja mbele, nyumba inarudi nyuma, unataka kunyoosha mkono umguse farasi. Tangu vita vianze maofisa walituletea vioo kila wiki. Mama Honorine hakupenda kuvitazama. Alisema picha ya karatasi inakuonyesha maiti, lakini hii inakulaza kando yake.

Jambo moja alinifunza kwa makofi. Unapohamisha picha kutoka kioo cha kwanza, cha kamera, kwenda cha pili, cha kutazamia, lazima uzibadilishe nafasi, ya kushoto iende kulia. Ukisahau, macho yanadanganyika. Cha mbali kinakuja karibu, na shimo linainuka likawa kilima.

Mei ile mwanawe Firmin, aliyekuwa vitani, alikuwa hajaandika kwa wiki tano. Mkewe, Clarisse, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza ilitoka siku ileile alipoletewa habari ya kifo cha kaka yake, kwa hiyo sote tulimchunga kama yai. Tuliyemwogopa zaidi ni naibu wa meya, maana ndiye aliyepeleka habari za waliokufa, mlango kwa mlango, kofia mkononi. Akiingia mtaani, wanawake walifunga madirisha.

Clarisse alikuwa dukani kwetu siku daktari wa jeshi, Luteni Vidalenc, alipoleta vioo vyake.

"Vya kikosi gani?" akadakia. Daktari alipotaja, Clarisse alipiga makofi. "Cha mume wangu! Viko vingapi?"

"Kumi na viwili, bibi. Lakini si vya kutazamwa na..."

"Na mwenye tumbo? Tumbo halina macho, daktari! Mama, Jumapili nakuja. Vyote kumi na viwili, na nitahesabu."

Kesho yake asubuhi tulivisafisha. Kumi na kimoja vilikuwa vya farasi, masufuria na watu wakinyoana ndevu. Cha mwisho Mama Honorine alikitia kwenye kisanduku, akainama, na hakuinuka. Baadaye alikaa sakafuni taratibu. Nikaweka macho yangu mimi.

Lilikuwa shimo la kombora. Ndani yake, chini kabisa, wanaume watano wamelazwa mstari mmoja, makoti yamefunika nyuso, miguu mitupu. Mmoja alikuwa na skafu ya kijivu yenye ncha ya kijani. Uzi wa kijivu ulikuwa umemwishia Mama Honorine akimfumia mwanawe, nami ndiye niliyemtafutia ule wa kijani.

Nilifungua mdomo.

"Nyamaza," akasema kutoka sakafuni.

Akanyanyuka, akatengeneza kioo kingine cha picha ileile.

"Mama, hujazibadilisha nafasi."

"Najua nilichofanya. Tazama."

Nikatazama. Shimo lilikuwa limeinuka. Wanaume watano walijilaza juu ya kilima kidogo, wanaota jua.

"Si tungekificha tu?"

"Amehesabu. Nikikificha atakitafuta, na akikitafuta atajua. Acha azae. Akishazaa nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Jumapili Clarisse alikuja na maandazi ya tufaha, akavitazama vioo kimoja kimoja, akicheka. "Huyu farasi anafanana na padri wetu! Mama, njoo uone meno." Mimi nilisimama nyuma yake nikichuna kucha zangu. Kikafika cha kumi na mbili. Akakaza macho kwenye kisanduku.

"Mbona wamelala juu, wazi namna hii? Hawaogopi risasi?"

Hilo hatukulifikiria. Mama Honorine akajibu, "Ni nyuma, mwanangu. Mbali na mapigano."

"Ee! Skafu ile! Firmin huyu, na viatu kavua! Mvivu mkubwa. Mimi nabeba tumbo, yeye anajianika kama mjusi." Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Nipe kioo hiki, Mama. Na kisanduku. Niwe namtukana kila asubuhi."

Mama Honorine akampa. Angefanyaje?

Kuanzia siku hiyo kazi yangu ikawa moja: kukaa kwenye ngazi za Clarisse na kuitazama kona ya mtaa. Niliogopa kila mwanaume mwenye kofia. Nililala nikiiona ile miguu mitupu.

Siku ya tisa, mchana, uchungu ulianza. Mkunga aliingia, Mama Honorine akaingia. Niliwasikia juu, na Clarisse akimwita Firmin majina mabaya. Hapo ndipo naibu wa meya alipokata kona. Dirisha likafungwa, na lingine. Alikuja moja kwa moja, kofia ikiwa tayari mkononi.

Nilisimama katikati ya mlango. Sikuwa nimewahi kumzuia mtu mzima. "Bwana naibu, usipande. Anazaa."

Kilio kikashuka kutoka juu. Alinitazama, akatazama bahasha yake, kisha akakaa kwenye ngazi kando yangu, kofia magotini. Tulikaa hivyo karibu saa nzima.

Mtoto akalia. Naibu akainuka.

Mama Honorine alitoka na mikono imelowa. Alipomwona alinyoosha mkono.

"Ni msichana," akasema. "Nipe hiyo barua, bwana. Maneno ni yangu. Acha kwanza amnyonyeshe."